Sparadrap juu ya tundu la bleu

Mashine ya bureau yangu hapa Butembo, kompyuta ya mezani, ina matundu sita ya kuchomeka flash. Manne yako wazi. Mawili ya nyuma nimeyaziba kwa sparadrap, ile nyeupe ya manesi, na mteja akiuliza namwambia yamekufa. Ni uongo. Hayo mawili ndiyo mazima kuliko yote.

Kazi yangu ni kuchapa barua, kupiga picha za passeport na kujaza video za ndoa ndani ya flash za watu. Nina mdomo, hilo sikatai. Quartier yote, mtaa mzima, inajua kwamba ukiniletea flash yenye virusi nitakusema mpaka ukumbuke jina la bibi yako. Mambo ya mashine nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, na kitu ninachokijua vizuri kabisa ni matundu. Watu wanafikiri tundu ni tundu tu. Kuna la polepole na kuna la haraka, na umbo lao ni moja. Chungulia ndani: kile kibao chembamba cha plastiki kikiwa cheusi au cheupe, mara nyingi ni la polepole. Kikiwa bleu, ni la haraka. Lakini rangi usiiamini peke yake, kwa sababu kuna viwanda vinavyopaka vinavyotaka. Tazama pembeni pale penye alama ya uma wa meno matatu. Ukiona herufi mbili, SS, umefika. Kama hakuna alama, kamata tochi uhesabu vidole vya shaba mle ndani: vikiwa vinne tu ni polepole, vikiwa vinne na vingine vitano vidogo nyuma yake ni haraka. Na kama macho yamechoka, nakili dossier moja, yaani folda moja, kwa kila tundu uangalie saa.

Haya yote nilimweleza Papa kwa simu, siku nilipomtumia mashine yake ya kwanza. Papa alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari, katika kijiji cha upande wa Mutwanga, pale pikipiki inapokushusha milima ikiwa juu ya kichwa chako. Mashine ilikuwa ya mitumba, nzito kama gunia la maharagwe, yenye tundu moja la bleu mbele na mengine meusi. Aliandika maelezo yangu yote kwenye daftari, na baada ya wiki akanipigia kunisomea matokeo kama mwanafunzi: bleu dakika tatu, nyeusi dakika kumi. Alikuwa na furaha. Namkumbuka hivyo, akiwa na furaha juu ya tundu.

Sababu ya kutaka mashine ilikuwa picha. Kila mwaka Papa alipiga picha ya kila mwanafunzi, mmoja mmoja, mbele ya ukuta uleule, jina likiwa limeandikwa kwa chaki kwenye ardoise ambayo mtoto aliishika kifuani. Kwenye mashine alizipanga kwa madarasa: 1e, 2e, mpaka 6e, yaani sixième, darasa la mwisho, na ndani ya kila darasa miaka. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu kwamba mtu asipigwe picha siku ya ndoa na siku ya matanga peke yake.

Halafu siku moja alikuja bwana mmoja wa services, wale wapelelezi wa serikali. Papa alinisimulia baadaye, na alinisimulia vibaya, kwa vipande, kwa hiyo nasema vile nilivyoweza kuviunganisha. Bwana alitoka mkoa mwingine, mtu wa mshahara wa serikali, mpole sana, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa ijapokuwa ilikuwa mvua na njia yote ni tope. Alisalimia kwa Lingala, kisha akaendelea kwa Swahili ya kujifunza.

"Préfet, tunatafuta picha za bale balimaliza sixième. Ni mambo ya usalama tu. Hapana ogopa."

Papa akaagiza chai. Bwana akatoa flash yake, akainama mbele ya mashine, akatazama matundu moja baada ya lingine, na bila kuuliza akachomeka kwenye bleu. Picha zote za 6e zikapita. Zilipokuwa zinapita, uso mmoja ukatokea kwenye kioo, bwana akaweka kidole chake pale.

"Huyu, sasa anafanyaka kazi gani?"

"Ni motard," Papa akajibu. "Anapakiaka batu hapa ku parking."

Ndivyo alivyojibu, kama mtu anayeulizwa habari za mwanafunzi wake na anaona sifa kumjua. Bwana akachomoa flash, akashukuru, akaenda. Chai yake ilibaki mezani ikiwa bado ya moto. Kabla haijapoa, kijana yule wa pikipiki alikamatwa pale pale parking. Walisema alikuwa anapelekea watu wa porini chakula. Simu yake ilienda naye, carte yake ya utambulisho ilienda naye, na pikipiki pia.

Mimi nilikuwa sijui chochote. Nilienda kumtembelea Papa wakati wa Pasaka na nikakuta tundu la mbele la mashine limefunikwa kwa sparadrap, imebandikwa vizuri, pembe zote nne zimekatwa sawasawa.

"Papa, nani ameumia hapa?"

Hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, ya darasani wakati wa mtihani, "SS. Ulisoma hizo lettre? Service Secret. Hiyo tundu ni yao."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia SS ni neno la watu wa viwanda, maana yake ni mbio, mbio kubwa tu, hakuna kitu kingine, na kwamba mwalimu mzima mwenye miaka thelathini na tano ya kazi anaogopa plastiki. Nikanyoosha mkono kuibandua. Akanikamata kwenye kifundo. Mkono wake ulikuwa baridi na ulikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea.

"Acha," akasema.

Nikaacha. Nje ya mlango wa bureau yake, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama mmoja, kanga yake ya Misa bado safi. Alikuwa mama ya yule kijana wa pikipiki. Papa aliniambia jina la mtoto na kwamba alichukuliwa, basi. Mama huyo alikuja kila dimanche baada ya Misa, na kila dimanche aliomba kitu kilekile. Nilimsikia mwenyewe.

"Préfet, nipatie picha moja tu. Nitaibeba ku Beni, nitaibeba ku Goma. Nitaonyesha bale ba mulango ya prison, niseme ni huyu njo natafuta. Bila picha banasema wako wengi."

"Machine iko na panne, mama," Papa akamjibu. "Ngoja dimanche ingine."

Mashine ilikuwa nzima, inawaka nyuma yake. Nilishangaa, lakini sikuuliza. Nilifikiri ni uzee. Kijana alikuwa ameanza 1e pale kwetu, akaenda Kayna kwa mjomba wake miaka kadhaa, akarudi kumaliza 6e. Nyumbani kwao hapakuwa na picha nyingine ya mtoto huyo akiwa mkubwa. Ile moja tu, ndani ya 6e, kwenye mashine yenye plasta.

Kisha ikafika siku ambayo ninaikumbuka kwa saa na dakika. Saa tano na nusu asubuhi Papa akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi, na nyuma yake nilisikia watu wanakokota vitu.

"Batu banatoka. Balisikia masasi ku ngambo ya muto. Kuko pickup moja, inaondoka saa saba. Machine haiwezi kuingia, na ku barrière ya barabara batauliza maswali. Nimeanza kukopia yote mu ile disque ya kubebea ma picha ulinipatia. Nitaificha mu unga."

"Vizuri, Papa. Ni dakika arobaini tu, utamaliza."

"Kuko picha moja mule lazima itoke," akasema. "Ata kama zingine zote zinabakia. Ya ule motard. Nilidanganya mama yake kila dimanche, siwezi kumuacha tena vile."

Nikamuuliza amechomeka wapi. Akasema kwenye bleu. Nikamuuliza mashine inasema imebakiza muda gani. Akasoma, "Masaa mawili na dakika kumi."

"Papa, hiyo si bleu."

"Ni bleu."

"Papa."

Nilisikia pumzi yake. "Ni nyeusi," akasema. "Sikuweza kubandua."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda, na sitajisingizia kitu kingine. Nilikuwa naogopa juu yake na sikujua kuogopa bila kupiga kelele. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia kwamba watu wanakimbia risasi na yeye anakimbia herufi mbili. Nilimwambia aibandue sasa hivi. Akasema hapana, mara moja tu, kwa upole. Nikakata simu.

Nilizunguka bureau nikigusa vitu. Ilinichukua karibu nusu saa kupoa, na nilipopoa akili ikarudi na jambo dogo kabisa, jambo ambalo ningemwambia mteja yeyote bila kufikiri. Papa, simamisha yote, kamata dossier ya 6e peke yake. Dakika kumi zingetosha, hata kwenye tundu jeusi. Mashine inanakili kwa mpangilio, inaanza na 1e, na 6e ilikuwa mwisho wa foleni. Nikapiga simu. Haikuita. Nikapiga tena na tena mpaka saa nane. Baadaye nilikuja kujua kwamba pickup haikungoja saa saba. Dereva aliogopa, akapiga honi saa sita na nusu, na Papa akachomoa disque akapanda.

Alifika Beni, akalala wiki moja kwa dada yake katika commune ya Ruwenzori, kisha akaja kwangu na mfuko wa unga wa muhogo mapajani. Wakati huo tulikuwa tumeshasikia kwamba bureau ya shule imeungua na kila kilichokuwa ndani. Tulipangusa disque, tukaifungua pamoja. 1e ilikuwepo yote. 2e yote. 3e yote. 4e ilikatika katikati. Papa alishuka na kidole mpaka chini ya kioo, pale pasipo na kitu, akakiacha kidole pale.

Papa hajasema kitu juu ya simu ile niliyomkatia, hata leo.

Mama ya kijana alikuwa naye amefika Butembo, anauza sombe, majani ya muhogo, karibu na barabara. Papa mwenyewe alienda kumwita. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamwambia yote: bwana wa services, flash, lile jibu kuhusu parking, uongo wa panne aliousema kwa haya, pickup. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya printer nikipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Mama alisikiliza huku ameshika mfuko wake wa sombe kwa mikono miwili. Mwishoni akauliza kama hakuna picha yoyote. Kulikuwa na ile ya 1e. Nikaichapa kubwa, kwenye karatasi nzuri: mtoto wa miaka kumi na miwili, masikio makubwa, ardoise kifuani. Kijana waliyemchukua alikuwa na miaka ishirini na ndevu.

Aliibeba picha hiyo mpaka Beni, kisha mpaka Goma. Aliporudi alituambia walichomjibu kwenye mlango wa gereza. Walimrudishia karatasi yake wakicheka: "Mama, hapa hatufungake batoto."

Wiki hiyo nilishindwa kufanya kazi. Jioni moja, kabla ya kufunga, nikamgeukia Papa, na mdomo wangu ukafanya kazi yake ya siku zote. Nikamwambia kama si ile imani yake ya SS tungekuwa na picha. Alikuwa anakata picha za passeport kwa mkasi, kwa sababu hakai bila kazi. Akauweka mkasi chini.

"Ma lettre sikuyaogopa," akasema. "Nilikuambia vile juu nilisikia haya. Ile siku, kama machine ingekamata saa moja, ningetuma mutu ku parking. Ni hatua mia mbili tu. Ningesema naenda kuchota maji, ningeenda mwenyewe. Lakini ilimaliza mbele ya mimi kumaliza kutia sukari mu chai. Ile tundu haikunipatia muda. Njo maana niliifunga. Na ile siku ingine, mukono ilikataa."

Akachukua mkasi wake tena. Nilisikia haya mpaka masikioni.

Ilipita miezi. Sitasema nilijua kitakachokuja, lakini nilikuwa nimeanza kutazama viatu vya wateja. Bado navitazama.

Aliingia mardi, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mpole. Hakuwa yule wa Mutwanga, Papa alinithibitishia baadaye, ila alikuwa na upole uleule. Alitoa disque ndogo mfukoni. Alitaka picha zote za passeport nilizopiga tangu mwaka uanze. Akanionyesha uso kwenye simu yake, haukuonekana vizuri, umechukuliwa kwa mbali. Akauliza kama namjua. Nilimjua. Alikuwa soudeur, mwenye kazi ya kuunganisha vyuma nyuma ya marché, lile soko, na alinifungia grille ya vyuma ya dirisha hili ninaloandikia sasa.

"Wateja ni wengi, chef," nikasema. "Tuangalie mu mashine."

"Unipatie zote," akasema.

Alisema zote, kwa hiyo nilimpa zote. Niliweka picha za mwaka mzima, na kwa kuwa dossier ni moja, video za ndoa zote pia, masaa na masaa ya watu wanaocheza na kukata keki. Mashine inaanza na kilicho juu ya orodha, na ndoa zilikuwa juu. Nikachomeka disque yake kwenye tundu jeusi la chini. Kisha nikatafuta kitambaa cha vumbi.

Akainama. Alikuwa anajua matundu, huyu, akasoma SS pembeni ya sparadrap. "Mama, nyuma hapa kuko mawili ya bleu."

"Yalikufa, chef. Courant ya umeme iliyachoma."

Wakati huo sparadrap ilikuwa imekaa juu ya matundu hayo wiki tatu. Niliikata kwenye rola la Papa siku moja nikiwa peke yangu, na pembe zote nne nilizipunguza sawasawa.

Mashine ikahesabu, ikaandika: dakika hamsini na mbili.

"Nitangoja," bwana akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Papa alikuwa pembeni na mkasi wake, na uso ule wa kwenye simu naye alikuwa ameuona na kuutambua. Alitazama kioo, akasoma dakika. Aliweka mkasi juu ya meza, akavaa kofia, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Mtu wa miaka sabini na mbili, goti la kulia halikunji vizuri. Akasema, "Naenda kununua mukate ya chai," akatoka.

Sikumtazama. Niliongea. Namshukuru Mungu kwa mdomo huu, siku hiyo ulifanya kazi ya maana. Nilimsimulia bwana yule virusi, wateja wasiolipa, mvua, bei ya wino. Aliitikia kwa kichwa. Kila mara macho yake yalirudi kwenye kile kimstari kinachojaa, na yangu pia. Thelathini na nane. Ishirini na tano. Mlango ulibaki mtupu, watu wakipita nje na mizigo, na mimi nikahesabu hatua za goti lile mpaka nyuma ya marché na kurudi.

Zilipobaki dakika nane Papa akaingia. Alikuwa na mikate miwili kweli, imefungwa kwenye karatasi. Alikata mmoja, akampa mgeni kipande na chai. Mgeni akala.

Disque ilipomaliza, bwana aliichomoa, akashukuru. Akiwa amesimama alizunguka nyuma ya mashine, akapitisha kidole juu ya sparadrap polepole, kutoka upande huu hadi upande ule.

"Kama yalikufa," akasema, "unayafunika juu ya nini?"

"Vumbi, chef."

Akatabasamu, akasema atapita tena siku moja, akatoka. Atapita, sina shaka. Kesho yake mlango wa soudeur ulikuwa na kufuli, na mama jirani yake alisema ameenda mbali na mke na watoto, hakusema wapi. Dimanche mama wa sombe atakuja baada ya Misa, kama kawaida, na nitamchapia tena mtoto wa masikio makubwa, kwa sababu karatasi ya kwanza imechakaa kwa kukunjwa.

Lakini siku ile, bwana alipoondoka, nilikaa kwenye kiti cha wateja. Papa alikusanya makombo ya mkate kwenye kiganja, akayatupa nje, akarudi kukaa.

"Ilikamata muda gani?" akauliza.

"Dakika hamsini na tatu."

"Ilinitosha," akasema, na akaendelea kukata picha.